Tisa Isiyotimia

Jumanne, 9 Julai 2024

Mahindi. Wameweka mahindi ya chakula cha wanafunzi ndani ya stoo yangu ya maabara.

Nimetoka Form Three, nimefungua mlango, nakuta magunia yamepangwa mpaka kwenye dirisha nililoliziba kwa nailoni nyeusi. Meza ya leza imesukumwa kwenye kona. Imesukumwa tu, kama meza ya chai. Mwanga niliohangaika kuunyoosha wiki nzima sasa unapiga juu ya mlango.

Nikaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Simioni. Nilijipanga kusema kwa adabu. Akanisikiliza, akasema ghala lina panya, stoo yangu haina, na wanafunzi hawali leza. Kisha akauliza, kwa mara ya kwanza tangu nianze: hivi hiyo taa yako ya kijani inatafuta nini hasa?

Nikamweleza. Mwanga ukipita kwenye tundu moja jembamba, tuseme kipimo kinasoma moja. Fungua matundu mawili. Pale katikati ya ukuta husomi mbili, unasoma nne, kwa sababu mawimbi yanabebana. Fungua matatu, unasoma tisa. Na hiyo tisa haibahatishwi. Unaipata kwa kujua tu matundu yanavyofanya mawili mawili na moja moja. Jozi tatu ni kumi na mbili, toa tatu za moja moja, inabaki tisa. Watatu wakikutana hakizaliwi kitu kipya ambacho hakikuwepo kwa wawili. Hiyo ndiyo kanuni, na fizikia yote ya vitu vidogo kuliko atomu imeikalia. Mimi napima kama tisa ni tisa kweli.

"Na kama si tisa?"

"Basi vitabu vingi vitaandikwa upya, Mkuu."

Akatazama nje kidogo. Akasema magunia yatatoka Ijumaa.

Desemba natakiwa chuoni na matokeo. Dr. Lilian, msimamizi wangu, ameshasema hataniombea muda tena. Mume wangu Emanueli naye kachoka kusonga ugali mwenyewe na kumwogesha mtoto wetu Neema. Nikimwambia bado kidogo, ananijibu kwa Kikurya. Hiyo ni lugha yake ya kuchoka kubishana.

Alhamisi, 11 Julai

Magunia yametoka. Mwalimu Odera aliingia ofisini kwa mkuu, akatoka, na baada ya hapo vijana wa Form Four wakaanza kubeba. Sikumuuliza alisema nini. Mtu akiwa amebakiza miezi michache kustaafu, wakuu wa shule humsikiliza.

Odera alinifundisha fizikia Tarime, Form One mpaka Four. Ndiye aliyemwambia baba yangu kwamba huyu binti asiolewe kwanza, aende A-level. Baba alikasirika, lakini nilienda. Leo tunakaa staff moja hapa Manchira na bado kila asubuhi namwamkia shikamoo mbele ya walimu vijana. Anajibu marahaba binti yangu, nao wanacheka.

Kipima mwanga ni kazi ya mikono yake. Chuo kiliniazima kioo chenye yale matundu matatu, membamba kama nywele. Kipima mwanga hawakuwa nacho cha kuniazima. Odera akasema niachie mimi. Akakaa likizo nzima na waya ya kulehemu na vipande vya redio mbovu, akanikabidhi kikiwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, amepaka rangi nyeusi. Kinasoma vizuri. Nilikaribia kulia siku ile.

Leo tumenyoosha mwanga upya. Vumbi la mahindi kila mahali. Fukusi mmoja alitembea juu ya kioo na kivuli chake ukutani kikawa kikubwa kama mbwa. Odera alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 13 Julai

Ijumaa hatukupima kitu. Mashine ya kusaga ya jirani ilianza asubuhi, na kila ikinguruma namba zinacheza. Leo mwenye mashine kaenda msibani Busawe. Kukawa kimya. Na umeme ulikuwepo! Nikasema sasa au basi.

Tukafungua moja moja. Tukafungua jozi. Hazikufika nne kamili. Nikasema matundu hayalingani upana, hilo tulilitegemea, haidhuru, tutatumia namba zetu wenyewe kama zilivyo. Kwa namba zetu, matatu yakifunguliwa pamoja tulipaswa kusoma nane nukta nane.

Kipimo kikasoma nane nukta sita.

Tukarudia. Nane nukta sita. Tukafunga kila kitu, tukaenda kunywa chai, tukarudi, tukapima kwa mpangilio wa kinyume. Nane nukta sita.

Odera alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.  Mimi ndiye niliyesema, ni kosa, Mwalimu, tutalipata. Akasema ndiyo. Lakini alisema kama mtu anayemkubalia mtoto.

Jumatatu, 15 Julai

Bado ni pungufu. Pungufu kila mara, upande mmoja kila mara. Ingekuwa inaruka juu na chini ningelala vizuri.

Nimezuia upepo wa mlango kwa blanketi. Nimehamisha meza. Nimebadilisha waya. Nimesafisha kioo kwa spiriti. Nimemkataza mlinzi kupita nyuma ya ukuta. Pungufu.

Nikampigia Dr. Lilian. Mtandao unakatika, nikapanda mpaka kwenye tuta la bwawa. Akasikiliza yote. Akasema hili ni kosa mpaka lithibitike si kosa, na mpaka wakati huo hakuna anayeambiwa. Halafu akaniambia la kufanya: punguza mwanga. Weka kichujio, kioo cha giza, mbele ya leza, mwanga wote ushuke mpaka sehemu ya kumi. Kama kanuni yenyewe ndiyo imevunjika, upungufu utabaki palepale kwa uwiano, mwanga uwe mkali au hafifu. Kama ni kifaa, utayeyuka.

Ni rahisi hivyo. Ningepaswa kuliona mwenyewe. Nimejiudhi njia nzima ya kurudi.

Sina kichujio. Fundi wa kuchomelea vyuma mjini Mugumu ana vioo vya miwani vya giza tofauti tofauti. Nimemtumia ujumbe, anasema Jumamosi.

Nilimwambia Odera maneno ya Dr. Lilian. Akasema sawa, tutafanya, lakini kifaa hakina tatizo, alikipima mwenyewe.

Jumatano, 17 Julai

Hakuna umeme tangu jana. Nimefundisha mwanga kwa kuchora mistari ubaoni, na ndani ya stoo kuna leza ya kweli imelala kama gogo.

Wanafunzi wa upande wa Nyansurura wamechelewa tena. Tembo wako kwenye mtama.

Odera kaomba ruhusa, kaenda Sirari kumwona mama yake, Mama Abonyo. Kizee yuko peke yake pale, watoto wengine wote wako ng'ambo ya mpaka, Kenya, Migori na Kisumu. Alinionyesha picha yake kwenye simu kabla ya kuondoka. Mama mrefu, ameshika redio kifuani kama mtu ashikavyo kuku.

Ijumaa, 19 Julai

Nina hasira.

Saa ya chai mkuu aliingia staff akiwa na simu juu. Akasema nyamazeni. Akabonyeza. Ni redio ya Kenya, mtangazaji kijana, sauti ya haraka haraka. Anasema wasikilizaji, leo tuko na story moto, kuna mwalimu huko Tanzania amegundua hiyo physics ya wazungu iko na shida. Halafu – sauti ya Odera. Taratibu, kama anavyofundisha. Anasema sisi huko Manchira tumepima kanuni moja kubwa ambayo dunia nzima inaiamini, na haikutimia. Anasema kazi hiyo ni yake na ya mwanafunzi wake, Ghati Nchagwa.

Jina langu. Redioni. Ng'ambo.

Walimu walipiga makofi. Mkuu alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Kasema ameshawaarifu watu wa elimu wilayani, watakuja Ijumaa ijayo kuona, na wao watawaleta watu wa mkoa ikibidi. Watu ambao hawajawahi kuja hata kuona vyoo vyetu.

Odera alirudi mchana. Nilimsubiri mlangoni mwa stoo. Nilimwamkia. Sijui kwa nini, lakini nilimwamkia kwanza.

Nikasema, "Mwalimu, tulikubaliana tusiseme."

"Nilimwambia mama tu."

"Mama yako hana kituo cha redio."

Akasema binamu yake alikuwepo kwenye chai, ndiye anafanya kazi redioni, alileta kinasa sauti. Mama alikuwa amekaa pale anatazama. Asingeweza kukataa mbele ya mama. Halafu akanyoosha mgongo, akasema, "Na sikusema uongo, Ghati. Umepima wewe mwenyewe. Ni pungufu au si pungufu?"

"Ni pungufu."

"Basi."

Basi. Kana kwamba tumemaliza.

Jumamosi, 20 Julai

Kioo nimekipata. Fundi kakikata vizuri, mraba mdogo wa rangi ya kijani iliyokolea. Nilitoka Mugumu moja kwa moja hadi shuleni. Shule tupu, mashine ya kusaga imezimwa, umeme upo. Sikumpigia Odera. Nilijiambia anapumzika. Si kweli. Nilitaka niwe peke yangu.

Nimeweka kioo mbele ya leza. Doa la kijani ukutani likafifia mpaka nikalazimika kusubiri macho yazoee.

Moja moja. Jozi. Matatu.

Jozi zilipanda. Zilifika nne, kasoro ya kitu kidogo sana. Kumbe matundu yanalingana. Siku zote yalikuwa yanalingana. Na matatu pamoja, tisa. Si nane na kitu. Tisa, na unywele wa kubishania.

Nikatoa kioo – upungufu ukarudi. Nikaweka – ukaondoka. Toa, weka. Toa, weka. Nilifanya hivyo hata nilipokuwa sina haja tena.

Ni kipima mwanga. Mwanga ukiwa mkali kinalemewa, kinasoma chini kidogo ya kweli. Tundu moja halikilemei. Mawili yanakilemea kidogo. Matatu yanakilemea zaidi. Ndiyo maana ni pungufu kila mara, na upande mmoja kila mara. Kanuni iko salama. Kifaa cha Odera ndicho kilichovunjika, au tuseme hakijawahi kuwa kizima.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Hii ni habari njema. Tisa imetimia ndani ya stoo ya mahindi, Manchira. Kwa mwanga hafifu na subira ninaweza kumaliza kazi ya chuo. Ningepaswa kuruka. Nilifunga mlango nikatembea hadi bwawani, nikakaa, nikatazama wanawake wakichota maji, sikuweza hata kumpigia Dr. Lilian.

Jumapili, 21 Julai

Kanisani nimepongezwa na watu ambao hawajui nimefanya nini. Mama mmoja kaniambia Mungu ametukumbuka sisi wa huku. Nikasema amina. Ningesema nini?

Nyumbani nilimweleza Emanueli. Yeye ni bwana shamba, anajua maana ya kipimo kibovu, aliwahi kuwapa watu wa Busawe ushauri wa mbolea kwa mzani uliokuwa unadanganya. Nikategemea atakuwa upande wangu. Alimaliza kukamua, akaweka ndoo chini.

"Mzee anaondoka Desemba," alisema. "Kuna ubaya gani akiondoka na heshima yake? Wewe andika ukweli kwenye karatasi zako za chuo. Hawa wa wilayani hawatazisoma."

"Na jina langu limetajwa pamoja naye."

"Kwa hiyo ni jina lako unalolilia."

 Kwa sehemu ni kweli. Lakini kuna kitu kingine. Odera ndiye aliyenifundisha kuwa ukipima uandike ulichosoma, hata kama hukipendi. Aliwahi kumchapa kijana mmoja darasani kwetu kwa kubadilisha namba ili zilingane na za kitabu. Sasa nimsaidie afanye lile lile, ila kinyume?

Nilisema hivyo kwa sauti. Emanueli akajibu kwa Kikurya, akaingia ndani na maziwa.

Jumatatu, 22 Julai

Nimemwambia.

Nilimsubiri amalize kipindi. Nikamwomba aje stoo. Niliongea haraka, kama mwanafunzi anayesoma jibu asilolielewa. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye neno kulemewa, aliinua mkono.

"Nani alikuwepo ulipopima?"

"Peke yangu."

"Kioo kimetoka wapi?"

"Kwa fundi wa kuchomelea."

"Kwa fundi wa kuchomelea," alirudia. "Kioo cha kuzuia cheche. Unakiamini hicho kuliko kifaa nilichokukabidhi mimi."

"Mwalimu, hata kama kioo ni kibovu, kinapunguza kila kitu sawasawa..."

"Usinifundishe."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alichukua mkoba wake. Mlangoni akasimama akiwa amenipa mgongo, akasema kwamba kuna watu Sirari wamekwenda kwa mama yake kumpa mkono. Wamechinja kuku. Mama amewaambia mwanangu hakusoma ulaya, lakini ulaya watasoma alichoandika.

Kisha akaondoka. Ndiyo mara ya kwanza namwona anaacha miwani yake mezani.

Jumanne, 23 Julai

Kaja mwenyewe. Sikumwita. Nilikuta mlango uko wazi na yeye ameshawasha leza.

Akasema pima wewe, mimi nitasoma. Nikafungua, akasoma. Bila kioo, pungufu. Kwa kioo, tisa. Akaniambia tubadilishane, nisome mimi. Tisa. Akageuza kioo upande wa pili. Tisa. Akakitoa, akakishika juu kwenye mwanga wa mlango, akakitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta ufa. Mashine ya kusaga ikaanza kunguruma, namba zikaanza kucheza, tukasubiri inyamaze, tukaendelea. Tisa.

Akafungua mkebe wa majani ya chai. Akaonyesha kwa kidole. Kile kipande cha kukuza umeme alikitoa kwenye redio ya zamani ya baba yake. Alijua kina kikomo. Alidhani mwanga wetu haufiki hapo.

"Nilidhani," alisema. Akaufunika mkebe, akasema tena, "Nilidhani."

Nilitaka kumshika bega. Huwezi kumshika bega mwalimu wako. Nikamwambia tunaweza kukirekebisha, nahitaji mikono yake, kwa mwanga hafifu tutapata tisa safi kuliko mtu yeyote wa hapa nchini aliyeijaribu shuleni. Nikamwambia Dr. Lilian atafurahi. Nikasema tofauti ikiwa sifuri, na sifuri ni matokeo, Mwalimu.

Akacheka kidogo, bila furaha. "Nenda ukamwambie mama yangu sifuri ni matokeo."

Halafu akaniomba kitu kimoja. Wageni waje Ijumaa, waone taa, wasome nane nukta sita, waondoke. Wiki ijayo, taratibu, tutaandika kwamba kuna marekebisho. Ijumaa moja tu.

Sikujibu. Najichukia kwa kutojibu. Angeniomba chochote kingine.

Jumatano, 24 Julai

Nilijaribu njia ya katikati. Nikaenda kwa mkuu. Sikumtaja Odera. Nilisema tumepata kasoro kwenye kipimo, tisa imetimia, ni vizuri ziara iahirishwe.

Mwalimu Simioni aliniuliza kasoro hiyo itaonekana kwa macho?

Hapana.

Wageni watajua?

Hapana.

"Sasa, mwalimu," akasema, "mimi nimeomba maabara ya kweli kwa watu hawa miaka yote. Barua zangu hazijibiwi. Leo wanakuja wenyewe kwa miguu yao. Wewe unataka niwaambie warudi kwa sababu tisa imetimia?"

 Na ana haki. Watoto wanasoma umeme bila waya. Stoo ya maabara ndiyo ghala la mahindi. Kama uongo mdogo unaleta maabara, mimi ni nani?

Nimetoka pale nikiwa nimekasirikia kila mtu – mkuu, Odera, Emanueli, yule mtangazaji, na kanuni yenyewe. Ingevunjika tu. Mara moja tu. Ingemgharimu nani?

Dr. Lilian kapiga, nikamweleza tisa imetimia. Kafurahi mno, kasema hongera, kasema kupata kosa lako mwenyewe ni nusu ya sayansi. Nikamwambia kuhusu Ijumaa. Akasema chuo hakiwezi kusimama na matokeo ambayo mwanafunzi anajua si ya kweli. Alisema kwa upole. Lakini nilielewa. Jina langu likisimama Ijumaa kwenye nane nukta sita, Desemba sina pa kurudi.

Alhamisi, 25 Julai

Odera hakuitika salamu yangu asubuhi. Alipita. Walimu vijana waliona, na safari hii hawakucheka.

Mchana niliingia stoo kupanga vitu. Leza ipo. Mkebe upo. Kioo cha matundu kipo.

Kile cha fundi hakipo. Nilikiacha ndani ya boksi la chaki, juu ya kabati. Nimemwaga chaki zote. Nimeinama chini ya meza. Hakipo.

Ufunguo tunao wawili, mimi na Odera.

Ijumaa, 26 Julai

Naandika hapa hapa maabara, benchi la nyuma; meza ya leza wameihamishia humu asubuhi kwa ajili ya wageni. Umeme umekatika wageni walipokaa tu. Mkuu katuma mtu akawashe jenereta ya kanisa. Bora niandike kuliko kumtazama mtu usoni.

Niliamua asubuhi nikimvalisha Neema. Nitasema. Kioo kiwepo kisiwepo, nitasimama niwaeleze kilichotokea, kisha nitamwomba radhi Odera mbele yao au pembeni, atakavyo. Emanueli alinisindikiza hadi barabarani. Hakusema niseme wala nisiseme. Alisema atachelewa kwenda shambani, atapita hapa.

Wageni ni wanne. Wamevaa vizuri. Mmoja anapepea uso kwa kofia. Mkuu kavaa tai ambayo sijawahi kuiona.

Na mstari wa mbele, kwenye kiti cha mkuu mwenyewe, kakaa Mama Abonyo. Odera kamleta kutoka Sirari jana jioni. Sikujua. Kavaa kitenge kipya na viatu vilivyofungwa. Nilipoinama kumpa shikamoo, akanivuta mkono asiuachie. Kiswahili chake ni kidogo.

"Wewe ndiye Ghati?"

"Ndiyo, mama."

"Japuonj anasema wewe una kichwa." Japuonj ni mwalimu, kwa Kijaluo. Hivyo ndivyo anavyomwita mwanawe. "Ni kweli aliona kosa la wazungu?"

Watu wote wa mstari ule walikuwa wanasikiliza. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa wageni, kwa mkuu, kwa walimu. Kwake yeye sikuwa nimejiandaa.

"Umeme ukirudi tutaona, mama," nilisema, nikarudi benchi la nyuma. Mwoga mimi.

Odera alikuwa amesimama kwenye meza ya leza muda wote huo, suti yake ya kijivu, mkono mmoja mfukoni. Akaja kwangu. Nilidhani ataniambia nikae mbali na mama yake. Akatoa mkono mfukoni, akaweka kioo cha fundi juu ya benchi, mbele yangu, juu ya ukurasa huu. Kilikuwa cha moto kwa kushikwa.

"Nilikichukua mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kisionekane leo."

Nilikifunika kwa kiganja.

"Wageni utawaeleza wewe. Unaeleza vizuri kuliko mimi." Akatazama mbele, kwa mama yake. "Ila yeye hatakuelewa kwa Kiswahili. Na nisingependa asikie kwa mkuu. Ngoja nimwambie kwanza."

Akaenda. Kapiga magoti pembeni ya kiti cha mama yake, suti na yote. Anaongea Kijaluo. Siyaelewi maneno. Mwanzo mama alicheka, akampiga kofi la begani kama anayesema acha utani. Odera kaendelea kuongea. Mikono yake inaonyesha kitu kidogo, kisha kikubwa, kisha kidogo tena.

Jenereta imenguruma. Taa zimewaka. Doa la kijani limetokea ukutani, watu wamesema aah. Emanueli kaingia, kasimama mlangoni, kavua kofia. Mkuu anapiga makofi, anaomba utulivu, anasema haya, Mwalimu Odera, karibu utuonyeshe.

Odera hajainuka. Mama kashika mkono wake kwa mikono miwili. Hacheki tena. Anamuuliza kitu, kifupi, anauliza tena lile lile. Yeye anatikisa kichwa.

Mkuu sasa ananitazama mimi. Nimechukua kioo. Nasimama nacho, nikawaambie tisa imetimia.